Mtoto Msikivu

Mnazi Bay,
Mtwara.

Kwa Kaka Iddi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta wewe na wifi Mwaisha mkiwa wazima hapo Rahaleo mjini, na kazi ya bandarini inakwenda, maana msimu wa korosho najua hamlali. Huku hatujambo. Mgongo wa Mama umepata nafuu. Zuhura yuko darasa la sita, amerefuka, na mdomo umerefuka zaidi. Nakuandikia kwa sababu simu ni moja, na ni ya Baba.

Matokeo yangu ya darasa la saba umeshayasikia. Ni E tangu somo la kwanza hadi la mwisho. Nilipoambiwa nilikuwa naosha vyombo, nikaendelea kuosha. Mwalimu Magreth alikuja nyumbani akasema haelewi, hata mtoto anayebahatisha hupata mawili matatu. Baba akamjibu kwamba hayo ni mambo ya Mungu. Unajua bado ni mwenyekiti wa kamati ya shule. Wiki ileile alisimama kwenye mkutano wa wazazi akasema elimu ni haki ya kila mtoto, imo kwenye Katiba, na mzazi atakayemnyima mwanawe atamshitaki yeye mwenyewe. Watu wakampigia makofi. Na mimi nilipiga.

Kaka, sikubahatisha. Kabla ya mtihani Baba alinikalisha karibu yake, akanipa kipande chake cha samaki, akaniambia nikose kila swali. Alisema sekondari ni mbali, wasichana wanapanga vyumba huko na kurudi na mimba, na yeye aibu hiyo haiwezi. Hakufoka, alikuwa kama ananibembeleza. Basi nikafanya. Ukitaka kukosa yote lazima uyajue yote, kwa hiyo kila swali nilitafuta jibu kwanza, halafu nikaweka kivuli kwenye herufi ya pembeni. Sina hasira naye. Naona kama yamempata mtu mwingine.

Begi la sekondari ulilonitumia lipo, sijalifungua. Usigombane na Baba kwa ajili yangu. Njoo tu umchukue Zuhura akasome huko kwenu, kabla hajaingia la saba. Jana Baba alimkalisha karibu yake, akampa kipande chake cha samaki, akamwambia yeye ni mtoto msikivu kama dada yake.

Barua anakuletea Erasto wa bodaboda. Tafadhali usinijibu kwa simu. Wifi msalimie sana.

Mdogo wako,
Rehana