Kitambaa cha Mjomba

Jumanne, wodini

Naandika kwa mkono wa kushoto, herufi zinalala kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Wa kulia umefungwa kifuani tangu gogo liliponiangukia begani.

Jana daktari alirudia: mshipa wa damu waliouunga umeziba, nyama inakufa, mkono ukatwe begani haraka, la sivyo sumu itaniua. Nikajificha nyuma ya mila. Nikamwambia, "Kwetu mtu hakatwi kiungo kabla mjomba wake hajasema." Mama akampigia simu. Mjomba wangu ni mkaidi, nilijua atakataa.

Leo amefika kutoka Mtae, matope mpaka magotini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

Akavishika vidole vyangu kimoja kimoja. Sikuhisi kitu. Nilisubiri afoke, awagombeze madaktari, anirudishe nyumbani. Hata hakuniuliza mwenyewe naonaje.

Akafungua mfuko wake, akatoa kipande cha sanda, akakipima kwenye mkono wangu kuanzia begani mpaka kwenye kucha.

"Kinatosha," akasema. "Shimo nimeshachimba, kando ya kaburi la babu yako."