Nguzo ya Upande wa Mto

Jumatatu, 10 Novemba
Nimerudi Garsen na matope hadi magotini. Nimepima jukwaa la Idsowe, lile la chuma tunalokimbilia mafuriko yakija. Mwaka jana gogo lililobebwa na maji liligonga nguzo ya kona, upande wa mto, ikapinda. Wanasema imepinda kidogo tu! Chuma kikishapinda hivyo hakirudi, na nguvu zake si zile za zamani. Bilan, mwenye duka na mwenyekiti wa kamati ya mafuriko, anataka jibu kabla ya maji: watu wapande au wasipande? Mama yangu ni mmoja wa hao watu.

Jumanne, 11 Novemba
Programu ya kupimia uimara wa jukwaa inakwama. Naongeza mzigo kidogo kidogo, kila hatua inatafuta kama fremu ya jukwaa inasimama, halafu kabla ya kufika mzigo kamili — basi. Haipati jibu. Elvis, bosi wangu aliye Mombasa, anasema hesabu ndizo zilizoshindwa, si chuma. Nipunguze hatua. Nimepunguza. Inakwama palepale. Sasa nimwambie nini Bilan, kwamba kompyuta imechoka?

Jumatano, 12 Novemba
Nimebadili njia. Badala ya kulazimisha mzigo uongezeke tu, nimeiruhusu programu iushushe pale chuma kinapolegea, mradi isipoteze mstari wa mzigo kwenye grafu. Imepita! Nguzo mbovu inalegea, mzigo unashuka kidogo, kisha nguzo jirani zinaupokea na mstari unapanda tena, unapita ninapopahitaji. Nimecheka peke yangu kama mwehu. Nimempigia Bilan: pandeni.

Alhamisi, 13 Novemba
Idsowe tena, kwa bodaboda. Nimepanda juu ya jukwaa. Mpunga wote umepangwa kona moja — ile ya mto! Mbuzi wa akina Bilan, ambao ni wafugaji, hufungwa upande wa barabara, na wakulima hawaweki mpunga karibu na mbuzi, ng'o. Nimezaliwa hapa, nalijua hilo. Na bado kwenye hesabu nilisambaza mzigo sawasawa jukwaa zima, kama siagi kwenye mkate. Ujinga wangu mtupu.

Nimerudia hesabu nikiwa nimekaa juu ya gunia. Safari hii mstari unashuka na haupandi tena. Nguzo jirani haziwahi kusaidia. Nikawaambia wahamishe kila kitu katikati na kona ibaki tupu. Mama akasema mbuzi watakula mpunga. Nikamjibu bora waule. Ameninunia, lakini magunia yamehama.

Ijumaa, 14 Novemba
Maji yamekuja mapema kuliko tulivyoambiwa. Watu wamepanda, mbuzi wamepanda. Mama alikuwa wa mwisho, alichelewa kutoa mavuno yake shambani. Magunia yake yakafika chini ya ngazi wakati katikati kumejaa. Nafasi iliyobaki ni kona ile tu. Wote walinitazama.

Bilan akasema, “Valary, mimi hesabu sijui. Wewe sema tu. Mpunga ya mama yako inapanda ama haipandi?”

Nikasema haupandi.

Tumeuona ukienda. Magunia mengine yalielea kidogo, yakazama. Mavuno ya msimu mzima! Nimelia, sioni haya kuandika. Mama hakulia. Alipita mbele yangu, akaenda kuketi konani, pale mpunga wake ungekaa, akajifunika kanga.

Mtu mmoja si kitu kwa nguzo ile. Lakini kwetu aliyepatwa na msiba haachwi akae peke yake. Kwanza alikwenda mama mdogo Priscilla. Kisha majirani. Sasa na wanawake wa akina Bilan. Nimewaomba warudi katikati, nikawaeleza kuhusu nguzo. Mama mdogo akajibu bila kugeuza hata kichwa:

“Umemnyima mpunga. Na watu pia umnyime?”

Nguzo siioni tena, maji yameifunika. Sijapiga hesabu ya watu konani. Kompyuta iko mapajani, haijafunguliwa. Bado wanainuka, mmoja mmoja, wanaenda kuketi naye.