Mjukuu Wangu Anataka Kuitaja Sahihi Yangu Kwenye Usaili

Mshauri, kwanza nakupokelea shikamoo yako, marahaba, maana kwa picha yako gazetini wewe ni mtoto kwangu. Naomba msaada, jambo ambalo sijalizoea, hapa Usagara mie ndiye ninayeombwa, miaka kumi na minne nilikuwa mzee wa baraza kwenye baraza la ardhi, sitaji la wapi, nilikaa kulia kwa mwenyekiti na kanzu yangu ya darizi na watu wenye digrii walikuwa wakinyamaza nikikohoa. Barua hii naiandika mwenyewe, leo siku ya tatu.

Mjukuu wangu Asmahani ameitwa kwenye usaili wa chuo cha sheria, Jumatano ya wiki ijayo, walioomba ni wengi na nafasi ni chache, nikasema huyu nitamnoa mwenyewe. Kila baada ya alasiri tunakaa barazani, mie ndiye jopo, namwuliza sheria ni nini, namkataza kuchezea mtandio. Nikamwuliza kwa nini unataka kusoma sheria, akasema, "Kwa sababu ya babu yangu." Wallahi nilifurahi hata nikamwambia jirani yangu Nasri, naye akasema basi huyo keshapita.

Ili jibu lishibe nikamtolea nakala ya hukumu ya Bi Chiku, naiweka sandukuni ndani ya nailoni mwaka wa kumi na tisa sasa. Bi Chiku ni mjane wa Mwera, shemeji yake alilitaka shamba la minazi aliloachiwa na marehemu mumewe, mie nikasema mbele ya karani kwamba shamba ni la mama huyu, karani akaandika, nikatia sahihi, mwenyekiti akampa shemeji, nikajua nimezidiwa nguvu, na habari hiyo nimeisimulia kila harusi na kila msiba. Asmahani akaisoma kimya, kisha akaisoma kwa sauti. Imeandikwa kwamba wajumbe wote wawili tumeona Bi Chiku hana haki. Chini pana sahihi yangu, nzuri kabisa, yenye mkia.

"Babu, hukusoma kabla ya kusaini?"

"Siku ile sikuwa na miwani."

"Babu, miwani umeanza kuvaa mwaka juzi."

Sasa anasema jibu lake ni lile lile, kwa sababu ya babu yangu, lakini ataeleza habari ya karatasi, na nikimkataza haendi kabisa, barua ya wito ameshairudisha kwenye droo. Naomba umwandikie aseme kama nilivyomfundisha. Mwenye makosa ni karani, naye ni marehemu. Nina miaka sabini na minane, jina likichafuka leo nitalisafisha lini? Tena Bi Chiku yu hai, kapanga chumba njia ya Horohoro, kila Idi ananiletea mkate wa kumimina, ananiambia angalau wewe ulinisemea, na mie naula.

Mzee wa Baraza, Usagara, Tanga

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo, mzee wangu, ingawa umeshaiitikia. Pole. Kugundua katika umri huo kwamba mkono wako ulisaini kinyume cha mdomo wako ni jambo zito, na mimi naamini ulisema ulichosema.

Lakini usinizungushe. Wacha miwani, mwache na karani apumzike. Barua hii fupi imekuchukua siku tatu, na karatasi ile hukuweza kuisoma, ukaona haya kusema mbele ya watu wanaonyamaza ukikohoa. Mama wa watu akapoteza shamba wewe ukilinda kanzu.

Asmahani simwandikii hayo unayotaka. Unamtuma mtoto akaombe kusomea sheria kwa ushahidi wa uongo, halafu unashangaa barua imerudi kwenye droo? Ila yuko mtu anayestahili kuisikia habari hii kabla ya jopo lolote. Gazeti hili linatoka Ijumaa. Kesho asubuhi panda gari la Horohoro pamoja na mjukuu wako, mchukue na hiyo nakala. Bi Chiku akikufukuza, ondoka, usijitetee mlangoni. Muda wa kukata rufaa ulishapita siku nyingi, na mimi sikuahidi hata mnazi mmoja. Hata hivyo ukubali kwenda na Bi Chiku kwa watoa msaada wa kisheria, waione karatasi wao wenyewe, na wewe uwe tayari kusema ulichokisema siku ile.

Jumapili na Jumatatu rudini barazani. Mwulize Asmahani swali lako, naye akijibu, usikohoe. Akienda kwenye usaili, msindikize mpaka stendi.

Idi ijayo huenda mkate usije, mzee wangu, jiandae. Na Bi Chiku akikuuliza karatasi inasemaje, usimkabidhi Asmahani aisome. Mwambie mwenyewe, "Mama, sijui kusoma vizuri, na siku ile sikusema kwamba sijui." Anza na hilo. Ndilo lililokosekana.