Anayekuja Kila Asubuhi Kuangalia Mshono

Songea, Jumamosi

Mke wangu Mama Neema,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi, nikitumaini kwamba goti lako limetulia na kwamba joto la hapo Korogwe halijakuzidi. Mama yetu kule Handeni macho yake yanaendeleaje? Mimi ni mzima. Darasani navaa masweta mawili, na wanafunzi wa kidato cha pili wameniita Babu Baiolojia mpaka mkuu wa shule naye amezoea. Nilipostaafu nilidhani sitachora tena moyo wa chura ubaoni, kumbe mkataba huu wa mwaka mmoja umenirudisha palepale. Chakula si kibaya, ila maharage ya huku hayajui nazi.

Utauliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu yangu wewe huipokea kwa sauti kubwa, ikasikika nyumba nzima na kwa wapita njia. Ninayotaka kusema leo ni ya masikio yako peke yako. Barua hii anakuletea mwalimu mwenzangu anayesafiri kwenda Tanga. Atashuka hapo stendi akukabidhi mkononi.

Jumanne, mdogo wangu Eliza, ambaye nilimwacha hapo nyumbani akae nawe, aliniletea ujumbe kwenye simu. Nauandika kama ulivyokuwa: "Kaka shikamoo. Huku wazima. Bwana Singano anakuja kila asubuhi kuangalia mshono. Leo kasema umekaa vizuri tumboni, hauvutiki."

Sasa, Mama Neema, jiweke mahali pangu. Mwezi uliopita nilikutumia kitenge cha bluu chenye maua, nikakwambia ukashone gauni. Halafu nasikia Singano anakuja kuangalia mshono, tena umekaa vizuri tumboni! Singano huyuhuyu, bwana mifugo mstaafu, ambaye miaka ile tulipokuwa vijana Handeni mshenga wake alifika kwa baba yako wiki nzima kabla ya wangu. Nilikaa kitandani na viatu mguuni. Nikajiuliza: mtu aliyefanya kazi ya ng'ombe maisha yake yote, mishono ya magauni kaijulia wapi?

Jumatano ulinipigia. Ukanipa habari za mvua, za kuku, za mjukuu wetu kung'oka jino. Nikakuuliza, "Kuna mgeni yeyote?" Ukasema, "Hakuna mgeni." Baada ya kukata simu nikafikiri kwamba hukusema uongo. Mtu anayekuja kila asubuhi si mgeni.

Alhamisi nikashindwa, nikampigia Eliza. Nikamuuliza kwa upole, kama ninavyowauliza wanafunzi, "Eliza, mdogo wangu, huo mshono una zipu au vifungo?"

"Zipu?" akasema. "Kaka, paka wa watu atawekewa zipu tumboni?"

"Paka gani?"

"Malkia! Si kafungwa kizazi Jumamosi? Daktari wa mifugo alipita, akampasua hapo uani kwenye meza. Wifi hakukuambia?" Akacheka mpaka akakohoa. "Kaka, wewe ulidhani mshono wa nani?"

Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata.

Ungedhani moyo ungetulia. Nilifurahi kwa ajili ya Malkia, maana kuzaa mara tatu kwa mwaka kulikuwa kunamchosha, na majirani walikuwa wamechoka kugawiwa watoto wa paka. Lakini nilipokwisha kufurahi nikaona kwamba gauni limeondoka na Singano amebaki. Bado anakuja. Jioni nilimpigia Eliza tena, na anasema Singano anakunywa chai. Anasema anamletea paka maini. Anasema mnazungumza Kizigua muda wote. Mimi Mshambaa wa Lutindi, Kizigua nakielewa nusu, na ile nusu nisiyoielewa ndiyo inayoninyima raha. Hata jina lake linanikera. Kwa Kizigua chenu singano si ndiyo sindano? Basi mtu wa sindano kapata mshono wa kuangalia, nani atamtoa?

Jana nilikwenda kwenye duka la dawa za mifugo hapa mjini. Muuzaji ni binti mmoja aliyesomea kazi hiyo, mpole, ana heshima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nina swali. Paka akifungwa kizazi, mtaalamu anatakiwa aje mara ngapi kuangalia kidonda?"

"Kama hakuna tatizo, baada ya siku mbili tatu, halafu siku ya kutoa nyuzi. Zaidi ya hapo mwenye paka anaangalia mwenyewe."

"Si kila siku?"

"Hapana, mzee. Paka ni wa nani?"

"Wa mke wangu."

"Na huyo mtaalamu?"

Nikageukia chupa za dawa kwenye rafu. Akaniangalia, akaziba mdomo kwa kiganja. "Pole, baba," akasema. "Dawa ya hiyo sina."

Nilikaa naye saa nzima, nikaandika kila alichosema. Nakuandikia hapa ili ujue kwamba kazi hii unaiweza bila msaada wa mtu.

Kidonda kiangalie asubuhi na jioni, mahali penye mwanga, kwa mikono iliyooshwa. Kuwa chekundu kidogo na kuvimba kidogo siku za mwanzo si jambo la kutisha; mwili unapeleka damu pale ili ujenge. Kila siku kinatakiwa kiwe kimetulia kuliko jana. Ukiona usaha, au harufu mbaya, au damu inayotoka, au kingo zinaachana, au uvimbe unaongezeka, au Malkia anakataa chakula na kujikunyata, hapo ndipo aitwe daktari, tena upesi. Usikipake spiriti, wala chumvi, wala majivu, wala yale majani ya mama yako. Kibaki kikavu. Asiogeshwe mpaka nyuzi zitoke na ngozi ifunge. Na tafadhali, asipewe panadoli hata chembe, hata ukimwona anaumwa. Kwetu sisi ni dawa, kwa paka ni sumu ya kuua.

Asiparamie bati wala kuruka dirishani. Mfungie katika chumba cha stoo na sanduku lake la kulalia. Madume yazuiwe mlangoni. Nasema madume ya paka, lakini ukitaka kuielewa kwa upana sitakuzuia.

Jambo kubwa ni kulamba. Ulimi wa paka unakwaruza kama msasa, na akilamba sana atakata nyuzi. Hapa nina neno. Eliza ameniambia kwamba Bwana Singano amemshonea Malkia kivazi cha kuziba tumbo, kwa kipande cha kitenge cha bluu chenye maua. Mama Neema! Kitenge nilikichagua mwenyewe sokoni, nikawasumbua wauzaji wanne, ili avalishwe paka na Singano? Niliposikia, nikatoka nje nikazunguka uwanja wa mpira mara mbili. Lakini kwa kuwa mimi ni mwalimu nitasema haki: kumvisha ni sahihi. Kosa ni kitambaa. Kitenge hakivutiki, kitambana akipumua na akikaa. Kata mkono wa sweta langu la kijivu lililochakaa, toboa matundu manne ya miguu, mvishe. Litamshika bila kumbana. Mwambie Bwana Singano kwamba hilo limetoka kwangu.

Nilikusudia barua iishie hapo, na mwishoni nikuandikie kwamba sasa umeshajua kila kitu, basi Bwana Singano apumzike kwake. Ukurasa huo niliuandika, na maneno yake yalikuwa makali. Kisha nikafika kwenye kutoa nyuzi, nikafungua daftari nione binti wa dukani alisema nini. Alisema kazi hiyo ni ya watu wawili. Mmoja anamshika paka, mmoja anakata. Anayekata awe mzoefu, mkono wake usitetemeke, maana mkasi unapita karibu sana na ngozi. Hapo Korogwe mzoefu unayemjua ni nani? Daktari aliyempasua alikuwa mpita njia. Nikafikiri juu ya tumbo la Malkia, nikaona kwamba mnyama huyu hana kesi na mtu. Nikauchana ule ukurasa.

Basi Jumamosi ijayo, siku ya nyuzi, aje, azitoe yeye. Najua anaweza. Hata nilipokuwa nimekasirika sana nilijua mshono uko mikononi mwa mtu anayejua kazi, na huenda ndiyo sababu nilikasirika zaidi.

Nikauona mkao wenyewe akilini. Paka juu ya meza, wewe umemkumbatia, yeye ameinama na mkasi, vichwa vyenu viko karibu, mnanong'onezana Kizigua ili asishtuke. Mama Neema, nina miaka sitini na sita na nimekuoa siku nyingi, na sikuweza kumaliza ugali wangu. Naona wivu. Nimelizunguka neno hili tangu Jumanne na sasa nimeliandika. Hujanikosea, wala yeye hajanikosea. Nadhani ulinificha habari za paka kwa sababu unanijua, na sikulaumu. Lakini nimekaa mbali mno, muda mrefu mno, na watu wengine wanapata kukaa jikoni kwangu asubuhi wakisikia unavyosema.

Leo mchana nimemwendea mkuu wa shule, nikamwomba ruhusa ya wiki moja. Akaniuliza kama kuna mgonjwa. Nikasema yupo, amepasuliwa tumbo. Akanipa pole, akatia sahihi, na sikumsahihisha. Nitapanda basi Alhamisi, na Mungu akipenda Ijumaa nitakuwa hapo.

Msalimie mama mkwe wangu kule Handeni. Msalimie wifi yako Eliza, umwambie akiandika ujumbe tena aanze na jina la mgonjwa. Mjukuu wetu asitupe lile jino kabla sijaliona. Shemeji zangu wa Mashewa wasalimie pia, wale wauza ndizi.

Na Bwana Singano msalimie, kwa Kizigua kizuri. Mwambie Jumamosi alete mkasi wake. Wewe utakaa kitini upumzishe goti. Paka nitamshika mimi.

Mumeo anayekuja,
Baba Neema