Mzani Uliofundishwa Kuaga

Jumatano, Sumbawanga

Sikukusudia Mama Nzunda arukie nyuma ya magunia ya ulezi.

Wiki nzima programu niliyomwandikia ya kupimia magunia ghalani kwake imekuwa ikitoa maandishi mekundu kila anapoifunga. Asubuhi akaniambia, "Mwanangu, ikinitukana tena narudi kwenye daftari." Niliogopa kweli. Ndiyo kazi yangu ya kwanza.

Mchana nikaona sababu. Programu ikizimika, kila sehemu yake hujisafisha, lakini sehemu ya mzani ilikuwa inataka kuandika kwenye kumbukumbu iliyokwisha kufutwa. Nikaongeza mstari mmoja: iulize kwanza kama programu nzima inazimika. Kama ndivyo, inyamaze.

Hapo ningeishia. Lakini shetani akanisukuma, nikaiwekea sauti: "Shikamoo Mama, naenda kulala."

Jioni alipofunga, ndipo akaruka. Kisha akarudi polepole, akaiinamia kompyuta.

"Marahaba. Lala salama."

Nikamwambia nitaiondoa sauti hiyo. Akakataa kabisa.

"Iache. Leo humu ndani, hiyo tu ndiyo imeniamkia."

Nimeona aibu, na bado nacheka.