Chandarua Kwenye Mdomo wa Injini

Chumba cha nyuma, nyumbani
Jumapili, tarehe 14, baada ya mvua

Mpendwa Kaka,

Kabla ya salamu, niruhusu nikwambie sauti moja ambayo haijanitoka masikioni tangu wiki iliyopita: ekzosi ya boti yetu ikikohoa kikavu. Unaijua sauti yake ya kila siku, moshi na maji pamoja, kama mtu anayesukutua kinywa bila haraka. Siku ile maji hayakuwamo. Ilikuwa kho, kho, kho, kama kikohozi cha mtu aliyekaukwa na mate.

Sasa nakusalimu. Hujambo? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona? Unakula, au bado unalidanganya tumbo kwa chai na mkate? Sisi tu wazima. Mguu wa Mama umepungua uvimbe na sasa anafika gatini bila kuegemea fimbo, ingawa fimbo yenyewe bado anaibeba, kwa ajili ya kuwanyooshea watu. Baba ni mzima wa mwili. Ya moyo wake ndiyo yaliyonikalisha niandike.

Najua alikupigia simu akakwambia injini imekufa. Najua pia ulimjibu kwamba utaacha chuo urudi, mradi akutumie nauli. Ningeweza kukupigia na mimi, lakini kwenye simu ungenikatiza, na mimi nikikatizwa hukasirika nikasahau nilichotaka kusema. Muuguzi wa zahanati anasafiri kuja huko kesho, atakukabidhi barua hii mkononi. Umebakiza muhula mmoja uwe fundi wa injini za meli. Ukiondoka sasa, nafasi yako atapewa mwingine. Nakuomba usome hadi mwisho kabla hujafunga begi.

Tulikuwa katikati ya maji, boti imejaa watu wa asubuhi. Mshale wa joto ukapanda, na nyuma ukaanza kutoka mvuke mweupe badala ya maji. Yule muuza mitumba tunayemwita Redio, kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia, akachungulia akapaza sauti: "Nahodha, leo chombo chako kimebanwa mkojo!" Watu wakacheka. Baba hakucheka. Alizima injini, tukavutwa hadi gatini na boti ya kubebea mchanga, Redio akimtangazia kila aliyekuwa nchi kavu.

Baba akaifunika injini kwa turubai, taratibu, kama anayefunika maiti. Mimi nikaleta sanduku la spana.

"Msumari, weka chini hizo," akaniambia. "Mwenye injini anakuja."

"Mwenye injini ni nani, Baba? Mimi nilidhani ni wewe."

"Kaka yako ndiye anayeijua."

Mama alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anafuta miwani kwa pindo la kanga. "Mzee," akasema, "mtu akibanwa mkojo hangojei daktari aliyeko ng'ambo. Mwache mtoto amtazame mgonjwa."

Baba akageuka, akaondoka. Unaijua ile migongo yake miwili, wa amani na wa vita. Ule ulikuwa wa vita.

Sikuogopa sana, maana nimekushikia taa na kukupa spana tangu sijaota meno ya utu uzima. Nikafungua mfuniko wa pampu ya maji. Kaka, ningeweza kucheka wakati ule ningecheka: nilisahau kufunga koki ya chini, ile inayoingiza maji kutoka nje. Maji yalinirukia usoni yakaanza kujaa botini, na mimi napapasa huku na huku kama kipofu sokoni. Mguu ukapita mbele yangu, ukaisukuma koki, ikafunga. Alikuwa Baba. Na hakuondoka tena.

Ule mpira unaozunguka ndani ya pampu kusukuma maji ulikuwa umenyofoka mapezi kama kuku aliyekimbizwa na mbwa. Baba akauchukua, akaugeuzageuza.

"Vipande viko wapi?"

"Vimekwenda mbele na maji."

"Basi vifuate. Kimoja kikibaki humo, kitaziba tena."

Tukavifuata. Tulifungua kile kipoza joto, kile kifurushi cha mirija myembamba, na karibu yote ilikuwa imeziba. Waya ungeikwaruza, kwa hiyo nilichomoa njiti kwenye fagio la Mama na kuzipitisha mrija mmoja mmoja, polepole. Mama akauliza kama tulikuwa na mpango wa kufagia uani kwa waya. Kisha tukaunganisha bomba la bustani upande wa kutokea, ili maji yaingie kinyume na kuusukuma uchafu ulikotoka. Ukatoka mchanga, ukatoka majani yaliyooza, vikatoka vipande vya mpira. Baba alivipanga kwenye mapezi yaliyokatika mpaka kila kimoja kikapata mahali pake. Mwisho kabisa vikatoka vishungi vya nyuzi za buluu.

Mimi sikuzitambua. Baba alizitambua. Alizikamua, akaziweka kiganjani, akakaa.

Ni chandarua chako, Kaka. Kile ulichokata kitandani kwako mwaka ule magugu yalipofunika maji yote, ukapiga mbizi na kukifunga kwenye mdomo wa injini chini ya boti, pale inaponywea maji, ili isimeze magugu. Nakumbuka ulivyosema ukitoka majini, meno yakigongana: ni cha msimu huu tu. Halafu ukaondoka kwenda chuoni. Kila mwaka tulipoivuta boti nchi kavu kuipaka rangi, Baba alipaka kukizunguka. Kamba ilipolegea, tuliifunga upya kwa fundo lako lilelile. Fundi mmoja alitaka kukitoa, Baba akamwambia, "Hiyo ni kazi ya mwanangu, usiiguse." Kitambaa cha msimu mmoja tukakigeuza hirizi. Kikaoza, na injini ikakinywa uzi baada ya uzi.

Sikuandikii haya ili ujilaumu. Ungekuwepo ungekwisha kukitoa na kukitupa. Kosa ni letu tuliobaki, na mimi nimo. Nilikuwa nakiona kinachakaa, nikanyamaza, kwa sababu hata mimi nilipenda kujua kwamba kuna mkono wako chini ya maji.

"Alilala na mbu kwa ajili ya boti hii," Baba akasema.

"Ndiyo, Baba."

Akanipa kisu chake. "Mimi siwezi. Kata wewe."

Nikaingia majini hadi kifuani, nikapapasa chini ya boti, nikakata mafundo. Nakuambia kweli, nilihisi kama nakufukuza nyumbani. Lilipokatika la mwisho nilibaki nimeushika ubao wa boti kwa muda, mpaka Mama akauliza kama naoga.

Shangazi anakusalimu na kuuliza kama huko kuna wasichana au ni mashine tupu. Fundi cherehani wa jirani anakusalimu. Redio naye anakusalimu, ingawa sidhani kama salamu zake zinahitaji barua, tega tu sikio upande huu. Mama anakuombea kila alfajiri, kwa sauti, ili na sisi tusikie sifa zako.

Sasa la mwisho, na si rahisi kulisema, kwa sababu nilitaka sana uje. Nyumba hii ni kimya mno kwa watu watatu, na Baba anasikiliza mlango hata anapokula. Lakini Baba hakuwa anakuita wewe; alikuwa anaiitia injini fundi, na injini ilitaka kusafishwa tu. Wewe nataka uje kwa ajili yetu, ukiwa umemaliza.

Ile nauli Baba alinikabidhi nikutumie. Haitakuja, Kaka. Jumatano nilikwenda nayo dukani nikanunua mpira mpya wa pampu, gasketi, na chujio la chuma lenye mfuniko, la kufunguliwa na kuoshwa kila jioni na mtu yeyote mwenye mikono. Nilifunga vyote, nikakaza bolti ya mwisho, ndipo nikamwambia Baba fedha zilikokwenda. Akapanda botini, akawasha injini mwenyewe, na maji yakatoka.

Mungu akulinde, akupe afya na usingizi usio na mbu.

Wako akupendaye daima,
mdogo wako,
Msumari