Kitako cha Bunduki ya Marehemu

Mjukuu wangu Koku,

Huku Muleba tu wazima, bibi yako anaanika kahawa. Umeniuliza utaanzaje kuzungumza na dada yako baada ya ule ugomvi.

Nikiwa fundi seremala kijana pale Kemondo, ndugu wawili waliniletea bunduki ya marehemu baba yao. Waliigombania mpaka kitako cha mbao kikapasuka. Nilitia gundi, na kwa kuwa sikuwa na kibanio, nikawaambia wakibane wao kwa mikono. Wakakishika, mmoja upande huu, mwingine upande ule.

“Mama amekula?” mdogo akauliza.

“Tangu jana hajala,” kaka yake akajibu.

“Gundi ikishika, twende wote.”

Nilipokwisha kukipiga msasa na vanishi, walikuja kukichukua pamoja. Sikusikia hata mmoja akiomba radhi.

Babu yako